Dar tunaiingilia mlango wa uani

Swali: Kamwene mwalimu. Nafanya biashara ya mbao hapa Mafinga. Mwezi wa saba tunashuka Dar kwa harusi ya mdogo wangu. Harusi ni Ijumaa, kurudi ni Jumatatu, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili asubuhi niko huru. Nitakuwa na mama yangu, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, pamoja na mwanangu wa kidato cha pili anayependa historia. Nataka niwaonyeshe Dar ya zamani, ile ya kando ya bandari, Kivukoni na Posta. Mara mbili nilizokwenda mimi niliishia Kariakoo. Nianzie wapi, nini nisikiache, na mama anauliza kama tunaweza kurudi na samaki wa baharini.

Jibu: Kamwene, dada. Hapo uliposema "niliishia Kariakoo" nilicheka peke yangu. Nimewapeleka wanafunzi wa Iringa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka nakutana na mtu mzima aliyekaa kule wiki nzima akarudi hajaiona bahari. Wala si uzembe. Sisi watu wa nyanda za juu Dar tunaiingilia mlango wa uani. Basi linatuleta kwa barabara ya Morogoro, linatushusha Mbezi, tunasogea Ubungo, Magomeni, Kariakoo, na mizigo inatukamata hapo hapo. Mji ule haukujengwa uitazame Morogoro. Uliwekwa na mtu aliyekuja kwa chombo kutoka Unguja, na nyumba zake za mwanzo zilielekeza nyuso majini. Anayeingia kwa nyuma huona migongo ya nyumba, kisha anarudi kwao na kusema Dar haina cha kuona zaidi ya foleni.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi msianzie Posta. Nendeni moja kwa moja hadi Kivukoni, pandeni pantoni mvuke Kigamboni, kisha mgeuze mrudi. Mji uwajie kutoka majini, kama ulivyokusudiwa uonekane. Mengine yote nitakayokuandikia unaweza kuyapanga upya upendavyo, ila hilo usilibadilishe.

Muwe kivukoni saa moja asubuhi. Watu wa Kigamboni wenye kazi mjini huvuka asubuhi kuja upande huu na jioni hurudi kwao, kwa hiyo ninyi mtakuwa mnakwenda kinyume chao na pantoni itakuwa na nafasi. Mageti siku hizi hupitisha kwa kadi. Mkifika dirishani mtaelekezwa, na nauli ya mtu wa miguu haifiki bei ya soda. Geti likifunguliwa watu hukimbia kana kwamba mechi ya Simba na Yanga imeanza ndani. Mama asikimbizane nao. Wacheni wapite, ninyi mfuate polepole, na mwanao amshike bibi yake mkono pale penye mteremko wa kuingilia chomboni, maana bati lile huwa na maji.

Safari yenyewe haizidi dakika kumi. Ng'ambo tafuteni kwa mama lishe, kunyweni chai, kuleni chapati au mihogo, msiharakishe. Mkirudi saa moja na nusu mtabanwa na wafanyakazi mpaka mama ashindwe kupumua. Subirini saa tatu kasoro, umati upungue. Kama magoti ya mama yanaruhusu, sogeeni ufukweni mtazame meli zilizotia nanga nje zikisubiri zamu. Mwambie mwanao kwamba yale malori yanayokuchelewesha Kitonga, na yale yanayopita Mafinga usiku kucha kuelekea Tunduma, mengi safari yao huanzia kwenye bandari ile ile, yakibeba mafuta, mbolea na mitambo ya Zambia na Kongo, na yakirudi hubeba shaba. Mafinga mmeishi kando ya barabara ya bandari hii miaka yote, sema hamjaiona mwanzo wake.

Sasa pantoni ya kurudi. Simameni upande wa kushoto, karibu na ukingo, na mwambie kijana aweke simu mfukoni kwa dakika tano aangalie kwa macho. Kulia mtaona soko la Feri, na nyuma yake miti mikubwa inayoficha Ikulu. Kushoto maji yanapanuka ghafla na kuwa kama ziwa, yametulia, huku bahari nje inapiga mawimbi. Mlango mwembamba, ndani pana na kina kirefu. Basi hicho ndicho kilichomvuta Sultani Majid bin Said wa Zanzibar miaka ya 1860. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, watu wakivua na kulima. Yeye akataka mji mpya upande wa bara, ambao misafara itashukia na meli zitaegeshwa salama, akaanza kujenga na kuuita Dar es Salaam. Akafariki mwaka 1870 mji ukiwa haujasimama vizuri, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na haja nao. Kwa karibu miaka ishirini nyumba zile zilikaa zikimea nyasi, mpaka Wajerumani walipofika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo.

Mlango huo mwembamba una kisa kingine ambacho wanafunzi wangu hukipenda. Agosti 1914, vita vilipoanza na manowari za Waingereza zikaonekana nje, Wajerumani walikizamisha chelezo chao kinachoelea, cha kutengenezea meli, hapo mlangoni, ili adui asiingie. Mnapopita juu ya maji yale mnapita juu ya mlango uliowahi kufungwa kwa chuma. Katika mizinga ya mwaka ule nyumba ya gavana iliharibiwa vibaya, na Ikulu ya leo ni jengo lililojengwa upya na Waingereza mwaka 1922 juu ya msingi wa zamani.

Hapo hapo nikuonye kuhusu picha. Ikulu usiipige, askari usiwapige, mageti ya bandari usiyapige, hata kama kila mtu anaonekana ana simu mkononi. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alipiga picha ya geti kwa sababu lilikuwa na tausi karibu. Tulisimama juani saa nzima, wanafunzi arobaini na mwalimu wao, mpaka picha zikafutwa moja moja na mimi nikahojiwa kama mtoto. Tausi wenyewe hata hawakuonekana kwenye picha.

Mkishuka, Feri iko hatua chache tu. Pita nayo haraka Jumamosi. Samaki nitakuja nao mwishoni. Mama anaweza kubaki nje kivulini, sakafu ya ndani huwa na maji na magamba. Kijana aingie asikilize mnada. Samaki humwagwa chini au mezani, dalali anaita bei, na kabla hujajua nani amenunua, fungu limeshaondoka na mwingine amemwaga lake. Mtu aliyezoea usipa wa Kyela atashangaa ukubwa wa jodari.

Kutoka Feri hadi Boma la Kale, ambako nataka mfike kabla ya jua la saa sita, ni kama kilomita moja na nusu hivi kwa kufuata barabara ya Kivukoni na kisha Sokoine. Wewe na kijana mtembee. Mama mpandishe bajaji au teksi, akawasubiri kwenye kivuli. Namjua mama wa aina hiyo, atakuambia anaweza. Mwache aweze Jumapili.

Barabara ya Kivukoni ndiyo uso wenyewe. Upande mmoja maji, upande wa pili safu ya majengo yenye vibaraza virefu, dari za juu na paa zinazotokeza nje, mengi yakiwa ofisi za serikali tangu enzi za Wajerumani. Mwulize mwanao kwa nini kibaraza kimezunguka nyumba. Jibu ni joto: jua halifiki ukutani, upepo wa bahari unapita kati, na mtu anaweza kuacha madirisha wazi hata mvua ikinyesha. Huku kwetu tunajenga ili joto lisitoke ndani. Wao walijenga ili hewa isikome. Miti ya kando ya barabara ilipandwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Na mwambie jambo moja ambalo vitabu vya shule hulitenganisha. Mwaka 1891 ambao Dar ilifanywa makao makuu ndio mwaka ule ule ambao Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani cha Zelewski pale Lugalo, tarehe 17 Agosti. Gavana von Schele aliyekwenda kuivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga Oktoba 1894 alikuwa akitawala kutoka ufukweni huu. Amri zilizotufikia huku milimani ziliandikwa kwenye meza zilizotazama maji haya. Na kambi ya jeshi ya Lugalo iliyoko Dar, kwenye barabara ya Bagamoyo, imebeba jina la kijiji chetu cha Iringa, ingawa nimewauliza vijana wengi wa Dar wakaniambia Lugalo ni kituo cha daladala.

Ukiendelea utafika kanisa la Azania Front, lenye vigae vyekundu na mnara. Kama mama ni wa KKKT, liacheni kwa Jumapili, nitaeleza. Mbele yake kidogo, mkabala na gati la boti za Zanzibar, ni kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Ingieni kama hakuna ibada, mkae dakika kumi. Ndani ni baridi na vioo vya rangi vinapendeza jua likiwa mashariki. Askofu Cassian Spiss, aliyeongoza Wakatoliki wa Dar kipindi hicho, ndiye aliyeianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, na aliuawa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji akiwa safarini kuelekea kusini. Nje ya kanisa vijana watakuandama kukuuzia tiketi za boti. Waambie hamvuki, endeleeni.

Halafu Boma la Kale, penye kona ya Sokoine na barabara ya Morogoro. Hapa kaeni.

Watu wengi wa Iringa wakisikia neno "boma" hufikiria Mjerumani, kwa sababu boma letu mjini Iringa, ambalo sasa ni makumbusho, ni la Mjerumani kweli. La Dar si lake. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867, Majid akiwa hai, liwe la kupokelea wageni wake. Ndilo jengo kongwe lililobaki wima mjini. Wajerumani walilikuta, wakalitumia, na jina la Boma likalishika. Gusa ukuta. Si jiwe la mlimani kama la kwetu. Ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa pwani na kuunganishwa kwa chokaa. Matumbawe yana vitundu, huvuta hewa na hayapati joto haraka, ila yanakula unene, ndiyo maana kuta ni nene kiasi kile. Inua macho uangalie dari: boriti za mikoko zimepangwa zikikaribiana. Mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka kupita mita tatu hivi, na kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba ulipangwa na mti. Wewe mfanyabiashara wa mbao utalielewa hili haraka kuliko mimi mwalimu. Mtu mwenye msonobari wa msitu wa Sao Hill angejenga ukumbi.

Milango yake ya kuchongwa ni ya mtindo wa Unguja. Mwonyeshe mama, asimame karibu, apitishe mkono. Kuna mwaka jengo hili lilikuwa libomolewe, mwishoni mwa miaka ya 1970, na watu wakalitetea likanusurika. Leo ndani yake kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 2017, chenye picha na ramani zinazoonyesha mji ulivyokua. Mwombeni anayehusika awaonyeshe ramani za zamani za mji. Mtaona Wajerumani walivyougawa: upande wa mashariki, penye upepo, wao wenyewe na bustani zao, katikati, Wahindi na maduka, magharibi, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, Waafrika. Waingereza wakaja wakauendeleza mgawo huo. Usifikiri ni habari ya Dar tu. Mbeya, mji wa juzi uliokua kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, hadi leo una Uzunguni na Uhindini, na hakuna bahari hapo wala upepo wa kugombea. Mpango ulisafiri hata penye baridi.

Jirani na Boma kuna nyumba nyingine ya enzi za Majid, Atiman House, ya mapadre wa White Fathers. Hamtaingia, itazameni kwa nje, lakini simulizi yake ni nzuri kwa kijana. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta, kisha akaja Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu hapo kwa zaidi ya miaka sitini, mpaka alipofariki mwaka 1956. Kila nikiwasimulia wanafunzi hukaa kimya, na darasa la kidato cha pili likikaa kimya bila kuamriwa ujue kuna kitu.

Nikuambie na ukweli usio mtamu. Usitegemee Mji Mkongwe wa Unguja. Dar ya zamani imebaki vipande vipande. Boma lenyewe limesimama chini ya mnara wa Mamlaka ya Bandari wa ghorofa zaidi ya thelathini, kama kuku aliyelala miguuni pa ng'ombe. Nyumba nyingi nilizowaonyesha wanafunzi wangu wa kwanza hazipo; mahali pake ni vioo na walinzi. Ndiyo sababu nyingine ya kuanzia majini, kwani kutoka kwenye pantoni bado unaiona safu nzima kwa pamoja, minara ya makanisa na minara ya benki, na jicho linaweza kuchagua. Ukiwa chini barabarani, kila jengo la zamani linakuja peke yake na unalipita.

Saa sita mchana acheni. Nendeni mkapumzike. Julai kwa mtu wa Dar ni msimu wa baridi na utawaona wamevaa masweta asubuhi, lakini mama yako ametoka kwenye ukungu wa Mafinga; kwake joto lile ni jiko. Miguu yake itakuwa imeshavimba kwa basi la kushukia. Anywe maji na madafu kabla hajasikia kiu, achukue khanga ya ziada ya kujifunika jua. Na usiku laleni ndani ya chandarua, hata kama mwenyeji wenu atacheka. Mwili uliokulia kwenye baridi yetu haujazoea malaria kama wa mtu wa pwani.

Jumapili. Kama mama ni Mlutheri, ibada ya Azania Front peke yake inatosha kuwa zawadi ya safari. Kanisa lilijengwa na wamisionari Wajerumani kuanzia mwaka 1898, na Wamisionari wa Berlin waliolihudumia baadaye ni wa chama kile kile kilichopandisha Injili kwetu kutoka Ziwa Nyasa tangu 1891, waliojenga Kidugala, Ilembula na Pommern. Bibi mmoja wa Ilula niliyekuwa naye aliketi pale akaimba wimbo mzima bila kitabu, halafu akaniambia, "Mwalimu, kumbe ni hawa hawa." Wahini mahali mapema, watu hujaa. Mkitoka, simameni kwenye ngazi, bandari iko mbele yenu.

Kutoka hapo pandeni mtaa wa Azikiwe kidogo tu mpaka mzunguko wa Samora, penye sanamu ya Askari. Hapo pia ningekaa, ingawa wengi hupiga picha moja na kuondoka. Kabla yake Wajerumani waliweka mjini sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa. Mwaka 1927 wakaweka hii ya askari Mwafrika, ya shaba nyeusi, bunduki yenye singe imeelekezwa upande wa bandari. Maandishi yamewekwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, yakiwakumbuka askari, na pia wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwache mwanao ayasome kwa sauti.

Hao wapagazi ndio wanaokurudisha Kariakoo ulikoishia. Waingereza waliwaita "Carrier Corps", watu wetu wakalitamka walivyoweza, na uwanja walikopiga kambi ukawa Kariakoo. Vita ile ilipita katikati ya nchi yetu: Iringa, Njombe, hadi ikaishia upande wa Zambia ya leo, Novemba 1918. Waliobeba masanduku ya risasi wengi walikufa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Iringa mjini tuna makaburi ya vita yaliyotunzwa vizuri. Mkirudi mpeleke kijana ayaone, itakuwa safari ile ile.

Baadaye, mama akiwa bado ana nguvu, chukueni teksi mpaka Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Hayako majini lakini si mbali, kuna viti, vyoo safi na kivuli. Yalifunguliwa mwaka 1940. Fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959 linatunzwa hapo, na kuna kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Jirani ni Bustani ya Mimea, ya tangu 1893, na Ukumbi wa Karimjee, ambako Bunge lilikuwa likikaa kabla ya kuhamia Dodoma. Mwambie kijana kwamba spika wa Bunge hilo kwa miaka mingi alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule yule ambaye gavana wa ufukweni alimfuata Kalenga. Kama muda utawabana, ukumbi mtautazama mkiwa ndani ya teksi. Mnara wa Saa nao uacheni, ni mzuri, lakini foleni yake haimfai mwenye magoti mabovu.

Mkiwa na gari, mrudie barabara ya Barack Obama, ile ambayo zamani ilikuwa Ocean Road, inayofuata bahari. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani mwaka 1897, na Robert Koch, bingwa wa vimelea, alifanya utafiti wake hapo. Leo ni taasisi ya saratani. Nawajua akina mama watatu wa kijijini kwetu walioiona bahari kwa mara ya kwanza wakitoka kwenye mionzi ya hospitali ile, wakiwa wamekaa kwenye ukuta wa barabarani na kikapu cha chakula. Kwa hiyo nikisikia mtu anamshusha mama yake Dar ili aione bahari akiwa mzima, kwa harusi, nafurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Usalama wa barabarani usikutishe. Mkoba ubebe upande wa ukuta, si upande wa barabara, kwa sababu wakwapuaji huja na pikipiki. Simu itoe ukiwa umesimama. Ukiulizwa kama unahitaji mwongozaji, kataa kwa adabu ya kwetu na endelea kutembea. Kusimama ukajieleza ndiko kunakokuponza.

Sasa samaki wa mama. Mnarudi Jumatatu alfajiri, kwa hiyo nunueni Jumapili jioni au mwachie mwenyeji wenu awanunulie. Feri samaki wa mnada huuzwa kwa fungu kubwa. Mtafute muuzaji wa rejareja anayekupimia, au jiungeni watu wawili watatu mgawane fungu. Angalia macho yawe ang'avu, mashavu ya ndani mekundu, na ukibonyeza nyama irudi. Vijana wa kupara wako pale pale, unawalipa kidogo wanapara na kutumbua. Kama mna ndugu mwenye friji, gandisheni usiku kucha, kisha funga kwa magazeti na mifuko, uweke kwenye deli lenye kifuniko kinachobana. Nguru na changu wa kukaanga vizuri mpaka wakauke wanafika Mafinga salama wakiwa hata hawana barafu, hasa mwezi wa saba, kwa kuwa kuanzia Kitonga kwenda juu baridi inakusaidia. Ng'onda wa papa ndiye asiye na shida kabisa, anakaa wiki, ila mama aonje kwanza, si kila mtu wa huku anaivumilia harufu yake. Pweza mbichi na dagaa mbichi waacheni Dar. Nilimwona mwalimu mwenzangu amebeba pweza kwenye mfuko wa rambo chini ya kiti, na tulipofika Chalinze kondakta alikuwa ameshaanza kunusa kiti kimoja kimoja.